Mzee Taratibu Hakulalamika

Kama kuna mtu aliyezaliwa kulalamika, basi ni Mzee Taratibu. Chai ikiwa ya moto, mmemuunguza ulimi makusudi. Ikipoa, mnamnywesha maji ya kunawia. Mlango ukifungwa anakosa hewa, ukiachwa wazi mnataka wezi wamchukue yeye na kitanda chake. Mkewe alishazoea, maana miaka thelathini na moja ya ndoa si mchezo, na binti yao wa pekee alikulia humo humo. Kwa hiyo hakuna aliyekasirika. Siku mzee aliponyamaza, ndipo walipomshika paji la uso kuona kama ana homa.

Jina la Taratibu alipewa na abiria. Kwa miaka ishirini na miwili aliendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, asubuhi anawapeleka, jioni anawarudisha, na miaka yote hiyo hakuwahi kugonga hata kuku. Vijana wa zamu ya kwanza walimtania kwamba basi lake linapitwa na wenye magongo. Yeye aliwajibu kwamba mwenye haraka ashuke atembee, na hakuna aliyeshuka.

Halafu kisukari kikamshika mguu. Kilianza kidonda kidogo chini ya kidole gumba, cha kubanwa na kiatu tu, nacho kikakaa miezi mitano. Mzee akawa wa kushinda sebuleni, mguu juu ya stuli, anakagua jinsi mkewe anavyofagia. Mwezi wa pili mama wa watu uzalendo ukamshinda. Akamwita binti yake pembeni akamwambia, "Mtafutie baba yako kazi, kabla sijafungasha nikarudi kwetu na uzee huu."

Binti alikuwa fundi wa kompyuta. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina jingine, wazee kwa watoto walimwita Fundi, na kibanda chake cha kazi kilikuwa hatua mia mbili kutoka nyumbani kwao. Alikaa wiki mbili akiokoteza vipande kutoka kwenye mashine zilizokufa, akaunda kompyuta moja inayokwenda, akatafuta usukani wa mitumba wenye pedeli zake, akamwekea baba yake gemu ya kuendesha malori. Mzee siku ya kwanza alicheka kwa dharau. "Mimi, mtu mzima na leseni yangu, niendeshe katuni?" Siku ya tatu walimbembeleza aje kula.

Alikuwa na njia moja tu. Anapakia kwenye ghala la mbao, anashusha kwenye kiwanda cha karatasi, mwendo wa dakika arobaini. Fundi alimweleza kuwa ndani ya gemu ile kuna miji zaidi ya sitini, kuna milima, kuna theluji, achague anakotaka. Mzee akamjibu, "Dereva hahitaji dunia nzima. Anahitaji njia yake." Basi kila siku njia ni ile ile, na mkewe amekaa kiti cha pembeni, anashona vifungo na kumsaidia kwa maneno. "Haya, kulia hapo. Punguza, kuna gari mbele. Taa nyekundu hiyo." Fundi akipita hucheka sana. Mama yake, ambaye hajawahi kushika usukani hata wa baiskeli, sasa amekuwa utingo!

Kidonda kilipofunga, kiwanda kilimwandikia kwamba apimwe afya yote, na akipasi arudi kazini. Akapimwa, akapasi, akapangiwa kuanza Jumatatu moja iliyokuwa mbele wiki mbili. Nyumba ilifurahi. Mzee alianza kulalamikia hata shati la sare kwamba limekaa kabatini mpaka limesahau mabega yake.

Na hapo ndipo kompyuta ilipoanza kuzima.

Ulikuwa msimu wa joto, na ndani ya ile mashine kulikuwa na kadi ya picha ya zamani, kile kipande kinachochora kila kitu unachokiona kwenye kioo. Kadi ile ilikuwa na umri wake. Mzee akiendesha robo saa, feni zinaanza kulia, joto linapanda nyuzi tisini na mbili, tisini na tatu, halafu puu, kioo cheusi. "Limezimika katikati ya barabara!" mzee anapiga kelele. "Nyuma yangu kuna foleni!" Fundi akaifungua, akapuliza vumbi, akabadilisha ile dawa ya kupitisha joto, akageuza feni moja itoe hewa nje. Joto likapungua nyuzi mbili tu. Kadi nyingine ya kufaa mashine ile hakuwa nayo, na aliyoulizia huku na kule hakuipata.

Ikabaki njia moja, kuipunguzia kadi mzigo. Ukiingia kwenye mipangilio ya gemu unakuta orodha ndefu ya mapambo, vivuli, majani, mng'ao wa maji, umbali wa kuona, na kila pambo linaidai kadi jasho lake. Ukiyapunguza, gemu inakuwa mbaya kidogo, lakini kadi inapumua.

Fundi alikuwa na desturi yake katika kazi, aliyofundishwa na aliyemfundisha ufundi. Unabadilisha kitu kimoja tu, unamrudishia mwenye mashine, unangoja alalamike. Akilalamika, unakirudisha na kujaribu kingine. Akinyamaza, unaendelea kesho. Usiguse viwili siku moja, maana hutajua kipi kimeponya na kipi kimeharibu. Na kwa kulalamika, hebu niambie, angempata nani bora kuliko baba yake? Alianza kazi ile huku akitabasamu peke yake.

Jumatatu alipunguza picha kutoka sitini kwa sekunde hadi thelathini. Mwenye jicho kali huona kama gari linakwendakwenda kwa kusita. Mzee hakusema kitu. Fundi hakushangaa, wengi hawaioni tofauti hiyo.

Jumanne alizima vivuli vyote. Miti ikabaki imesimama mchana kweupe bila kivuli, malori yakawa kama hayagusi ardhi. Mzee akaendesha dakika arobaini, akashusha mzigo, akaomba maji ya kunywa.

Jumatano aliondoa majani na kupunguza umbali wa kuona. Sasa nyumba zilikuwa hazipo, halafu ghafla zipo, zinachomoza pembeni mwa barabara lori likiwa limeshafika. Mtu yeyote angeruka kitini. Mzee akasema, "Leo halijazima. Umefanya kazi, mwanangu," na hilo lenyewe lilikuwa la ajabu, kwa sababu sifa kutoka kinywani mwake zilikuwa adimu. Fundi alifurahi, nafsi yake ikamwambia ana mkono mzuri.

Alhamisi ikawa zamu ya vioo vya pembeni. Katika gemu za malori hakuna kitu kinachoilemea kadi kama vile vioo viwili, kwa sababu kadi inalazimika kuichora dunia upya mara mbili zaidi, ya nyuma kushoto na ya nyuma kulia. Fundi aliviacha mwisho kwa woga. Alijua hapo atatukanwa. Dereva wa mwezi mmoja tu ukimnyima vioo vyake anajiona uchi, sembuse huyu wa miaka ishirini na miwili. Alivizima, vikabaki vibamba viwili vya kijivu, havionyeshi kitu. Joto likashuka hadi sabini na nne. Akasimama nyuma ya kiti cha baba yake, mikono kiunoni, akingoja matusi.

Mzee aliondoka ghalani. Akaingia barabara kuu. Mama akasema, "Kuna basi mbele linakwenda polepole," na mzee akawasha taa ya kuashiria. Akageuza shingo, kama madereva wote wanavyofanya, akakitazama kile kibamba cha kijivu kwa sekunde nzima, akatikisa kichwa kuridhika. Akalipita lile basi.

"Vioo vipi, baba?" Fundi aliuliza.

"Vioo safi kabisa. Umevisafisha?"

Fundi alifungua mdomo, halafu akaona mama yake anamtazama. Mama alikuwa ameshika sindano hewani, uzi umening'inia, na macho yake yalikuwa yanamwomba binti yake kitu ambacho Fundi hakutaka kukielewa. Akafunga mdomo wake, akatoka nje akasimama barazani muda mrefu.

Mtu akiogopa jambo hujitafutia sababu za kulikana. Usiku kucha Fundi alijiambia kwamba ni gemu tu, kwamba mzee haijali, kwamba kwenye basi la kweli angeona. Hata hivyo Ijumaa alifanya jambo ambalo fundi mwenye akili timamu hafanyi. Alikwenda mahali panapoamua picha ichorwe kwa ukamilifu gani, akaishusha kutoka asilimia mia hadi ishirini na tano. Kila kitu kikawa uji. Vibao vya barabarani vilikuwa madoa ya kijani yasiyo na herufi hata moja. Fundi mwenyewe, macho yake ya miaka ishirini na saba, hakuweza kusoma.

Mzee akaendesha. "Daraja, kilomita mbili," akasoma kibao cha kwanza. Akasoma cha pili, "Mizani, magari mazito kushoto." Halafu akajiegemeza nyuma akasema kwa raha, "Sasa ndiyo picha imetulia. Siku zote ulikuwa unanipa picha ya kuumiza macho."

Jumamosi mama alikwenda msibani kwa jirani, na Fundi akabaki na baba yake peke yao. Alirudisha mapambo yote juu, kila kitu, vivuli, majani, vioo, ili asiwe na la kusingizia. Spika akazichomoa, akamwambia mzee amezipeleka kibandani zina kasoro. Halafu akafanya lile ambalo mpaka leo akilikumbuka anajisikia mchafu. Akachagua njia nyingine kabisa, ya milimani, yenye kona kali na bonde upande wa kulia, wala hakumwambia.

"Lori bubu!" mzee alilalamika, akashika usukani. "Nitajuaje kama injini imewaka?"

"Imewaka, baba. Twende."

Akaenda. Barabara ya mwanzo kwa bahati ilikuwa imenyooka. Kushoto kulikuwa na ukuta wa mawe mtupu, na mzee akausemesha, "Hapa kwenye kituo cha mafuta leo hakuna watu." Kulia kulikuwa na bonde, na mzee akasema, "Shule imefungwa, naona watoto hawapo." Fundi alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mmoja mdomoni. Alitaka baba yake akosee kidogo, ashtuke, aseme we mtoto umenipeleka wapi. Alikuwa anamwombea Mungu ashtuke. Mzee alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, na ilipofika hesabu yake akakata kulia pale ambapo siku zote hukata kulia.

Lori likavunja kingo za barabara, likaporomoka bondeni, likabiringika mara tatu na kulala ubavu kwenye vichaka. Kioo kizima kikawa majani, hakuna kinachotembea.

Mzee akakanyaga breki taratibu. "Foleni," alisema. "Hapa mizani siku zote pana foleni."

Akakaa hivyo, mikono yote miwili kwenye usukani, mgongo umenyooka, anangoja foleni itembee. Fundi alishindwa kuvumilia. Akaenda akapiga magoti mbele yake, kati ya kiti na meza.

"Baba. Unaona nini?"

"Naona magari."

"Baba."

 Mikono ya mzee ilishuka polepole kutoka kwenye usukani, ikatua mapajani. "Umebadilisha njia," alisema hatimaye.

"Nimebadilisha."

"Umenitega. Damu yangu mwenyewe."

"Tangu lini, baba?"

"Jicho la kushoto tangu nilipokuwa na mguu kwenye stuli. La kulia lilifuata." Alisema kama mtu anayetaja tarehe za kulipia bima. "Mwanga nauona. Kitu kikubwa kikitembea nakiona. Daktari wa kisukari alimwambia mama yako kwamba mishipa imeshakufa, hairudi, na kwamba wamechelewa kuniona. Wamechelewa! Mimi ndiye niliyechelewa, lakini daktari ana adabu."

"Na kupasi ulipasije?"

Hakujibu yeye. Alijibu mama, aliyekuwa amerudi na kusimama mlangoni, khanga ya msiba bado begani. Alieleza bila kupepesa. Kule wanakopimia macho ya madereva, kile kibao cha herufi ukutani ni kile kile miaka nenda miaka rudi. Alikwenda siku mbili kabla, akakaa kwenye benchi na wagonjwa, akakinakili kwenye karatasi ya dawa. Jioni mbili walikaa kitandani, yeye anauliza, mumewe anajibu, mpaka mzee akakijua chote, mstari kwa mstari, hata kwa kuanzia chini.

"Mama! Basi lina watu thelathini na wanane!"

"Nawajua kuliko wewe. Mmoja nimemzalisha."

"Na bado unamwachia?"

"Wewe unakwenda kibandani kwako asubuhi," mama alisema, na sauti yake ikaanza kukatika. "Mimi ndiye ninayebaki humu. Mimi ndiye niliyemsikia mwezi wa tatu anauliza mtu akijidunga sindano zote za kisukari kwa mara moja anachukua muda gani. Tangu alete ile barua ya kurudi kazini hajauliza tena. Unataka nimzike angali hai?"

 Fundi akamgeukia baba yake. Mzee sasa alikuwa anajitetea kama mtu aliye mbele ya kikao. Njia ya kiwandani anaijua hata akiwa usingizini, mizunguko mitatu, matuta manne, taa moja. Ataendesha taratibu, nani atashangaa? Mwaka mmoja tu, apate kustaafu kwa heshima, aagwe kama wenzake.

"Na mtoto akivuka barabara?" Fundi aliuliza.

"Miaka ishirini na miwili hajavuka."

"Akivuka, baba?"

Mzee alitazama upande ambako sauti ilitoka. Hakujibu, wala siku ile hakusema tena chochote, na alipoletewa chai iliyopoa aliinywa yote.

Jumapili Fundi alimpigia simu msimamizi wa magari wa kiwanda. Alisema yote kwa pumzi moja. Msimamizi akamsikiliza, akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye kazi nyingi. "Cheti chake kiko hapa mezani kwangu, kimegongwa muhuri. Sita kwa sita, macho yote mawili. Wewe ni daktari wa macho?"

"Mimi ni binti yake."

"Basi tulia, binti yake. Mzee amekaa ndani sana, atakuwa amekukera. Sisi hapa tunamhitaji, huyu wa akiba anawarusha watu kama magunia." Akakata simu. Fundi alipiga tena mara mbili, haikupokewa.

Alifikiria kumficha baba yake funguo za nyumba. Alifikiria kumfungia ndani, kumpigia magoti, kuita wajomba. Wajomba wangekaa kikao siku tatu, na basi lilikuwa linaondoka kesho saa moja kasorobo.

Jumatatu asubuhi jua lilikuwa limeshatoka alipofika kwenye yadi ya mabasi. Aliwatangulia wazazi wake kwa njia ya nyuma, akasimama kando ya matangi ya maji. Akawaona wanaingia. Mama alikuwa amemshika mumewe mkono, na asiyejua angesema hawa wazee bado wanapendana. Mzee alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi. Mama alimfikisha kwenye mlango wa dereva, akamshikisha chuma cha kupandia, na kuanzia hapo hakuhitaji mtu. Alipanda, akavuta kiti mbele, akarekebisha kioo cha juu ambacho hakukiona, na injini ikawaka.

Abiria walimpokea kwa makofi. Wengine walipiga vigelegele. "Mzee Taratibu karudi! Leo tutafika kesho!" Naye aliwajibu mmoja mmoja kwa sauti zao, bila kukosea. "Wewe, bado hujaoa? Na wewe wa kikohozi, kunywa tangawizi, acha kutuambukiza." Fundi alisimama pale kwenye matangi, machozi yanamtoka, kwa sababu ilikuwa miezi mingi hajamwona baba yake akiwa na furaha kiasi kile, na yeye ndiye aliyekuja kuimaliza.

Akapiga moyo konde. Akaingia kwa mlango wa abiria, akiwa wa mwisho, akasimama kando ya kiti cha dereva bila kusema neno. Jua lilikuwa linampiga usoni moja kwa moja. Kati yake na baba yake hapakuwa na hata urefu wa mkono.

Mzee akageuka, akamtazama. "Karibu, mama. Pita ndani, usizibe njia."

Fundi hakusogea.

"We mama, husikii? Keti, tunaondoka."

Wa viti vya nyuma wakacheka, wakidhani ni utani wake ule ule. Wa mbele hawakucheka. Mwanamke mmoja mnene aliyekaa nyuma ya dereva, ambaye Fundi alishamtengenezea simu mara mbili, alimtazama Fundi, akamtazama mzee, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, si binti yako huyu?"

Uso wa mzee ulibadilika kwa muda mfupi sana. Halafu akaangua kicheko. "Kwani simjui? Namtania! Amekuja kuniona nikianza kazi. Salamu yako iko wapi, mwanangu?"

"Baba," Fundi alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, lakini injini ilikuwa inanguruma taratibu na watu walikuwa wamenyamaza, wote wakasikia. "Nimeshika nini mkononi?"

Alikuwa ameinua mikono yote miwili mbele ya uso wa baba yake, vidole vimetanuka.

Mzee alifikiri. Miaka yote binti huyu alitoka nyumbani na mfuko wake wa bisibisi na nyaya, hakuna siku aliuacha. "Umeshika mfuko wako wa kazi," alisema. "Utachelewa kibandani."

Mikono ilikuwa mitupu. Fundi aliiacha juu pale pale mpaka kila mtu akaiona, kisha akanyoosha mmoja akazima injini, akachomoa ufunguo.

Hakuna aliyepiga kelele. Kijana mmoja aliyekaa dirishani alianza kuuliza kitu, jirani yake akamfinya. Yule mwanamke mnene ndiye aliyeinuka kwanza, akachukua pochi yake, akashuka kwa kunyata kana kwamba mna mgonjwa amelala, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Basi likawa linanesa kila mtu anaposhuka, na mzee alikuwa akilisikia linanesa. Msimamizi alitoka ofisini mbio, karatasi mkononi, akafika mlangoni, akamwona Fundi na ule ufunguo, akasimama mdomo wazi. Mama alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, amejifunika khanga kichwani.

Mzee Taratibu alibaki kitini, mikono yake yote miwili kwenye usukani. Alikuwa akitazama mbele, kwenye kioo kikubwa, ambako jua lilikuwa linang'aa.

"Wamekwenda wapi?" aliuliza.

Fundi alitazama nje. Walikuwa wamejipanga chini, mbele ya basi na pande zote mbili, thelathini na wanane pamoja na madereva wengine, wanamtazama mzee. Hakuna aliyekuwa anasema na mwenzake.

"Wamepanda basi lingine, baba. Limeshaondoka."

"Wote?"

"Wote."

"Hakuna anayenitazama?"

"Hakuna mtu, baba. Yadi nzima ni sisi na mama tu."

Mzee alishusha pumzi. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akapapasa mpaka akaupata mkono wa binti yake. "Haya, nishushe upesi," alisema, "kabla watu hawajaja wakanikuta hivi."

Fundi akamshika kiunoni, wakashuka ngazi tatu, akamwongoza polepole katikati ya wale watu, nao wakasogea pembeni kuwapisha bila hata kuburuza viatu.